Mguu wa Simba na fimbo za mdogo wangu

Najua nimeadimika. Tesiti zilifuatana kama daladala za asubuhi, bumu likachelewa, bando likaisha, basi nikawa mtu wa kupita tu kwa watu na kuomba hotspoti. Leo nimepata bando la usiku, wenzangu rumu wamelala, hapa Mazimbu kumetulia kabisa. Nikasema niandike kitu ambacho nimekibeba moyoni tangu likizo.

Leo sina habari za kampasi. Ni habari za nyumbani, Rasbura, Lindi mjini, na ni habari za goti la mbwa. Usicheke kwanza. Kwa ajili ya goti hilo kuna mtoto alichapwa fimbo mara tatu bila kosa.

Mbwa mwenyewe anaitwa Simba. Jina kubwa, mwili hakuna. Ni kambwa kadogo keupe, manyoya yamejisokota, bata mzinga akisimama naye anamzidi kimo. Alikuwa wa mtumishi mmoja aliyekaa jirani yetu. Uhamisho ulipokuja gari lilijaa vyombo, mbwa akakosa nafasi, akaachiwa mjomba wangu. Mjomba ni mnazi wa Simba Sports Club, kwa hiyo jina halikujadiliwa. Mtaani kwetu Yanga ndio wengi, na mbwa alipoanza kuchechemea unaweza kufikiria maneno yaliyosemwa pale kijiweni. Hayo tuyaache.

Kazi ya Simba ni kuwa king'ora. Bibi akianika makopa au korosho uani, Simba analala pembeni. Mbuzi wa jirani akikanyaga tu mpakani, mbwa huyo kashashuka barazani kwa kuruka, kelele mtaa mzima. Baraza letu ni la zamani, liko juu. Kumbuka hilo baraza, tutalirudia.

Mwaka jana kuelekea msimu wa korosho, Simba akaanza kupiga ukelele ghafla na kukunja mguu wa nyuma. Mara ya kwanza mama alitoka jikoni akamkuta mdogo wangu wa kiume amesimama uani ana jiwe mkononi. Ni wa darasa la sita, na kwa kuchokoa maembe kwa mawe anajulikana mpaka Mtanda. Hakuna aliyeuliza swali. Fimbo. Wiki ile ile mbwa akalia tena, na dogo yuko karibu (atakuwa wapi, wakati ndiye pekee anayecheza naye?). Fimbo. Ya tatu ikawa ya mjomba mwenyewe. Baada ya hapo mtoto akaacha kumsogelea mbwa kabisa, akitoka shule anapitia mlango wa mbele. Na bibi akatoa hukumu yake: mbwa mgonjwa asiyelinda ni mdomo tu wa kulisha, apandishwe boti avushwe Kitunda, akatafute maisha ng'ambo.

Hapo ndipo nikapigiwa simu. Dogo aliiba simu ya mama.

"Dada shikamoo. Wewe si unasoma mambo ya wanyama huko SUA?"

"Marahaba. Nasoma ualimu, baiolojia na kemia."

"Si ndiyo hayo hayo. Dada, mguu uliovunjika unaweza kupona ndani ya dakika moja?"

Jamani, nilikaa kitandani. Nimesoma saikolojia ya elimu, nimesoma mbinu za kufundishia, nimeambiwa mwanafunzi mdadisi ana sifa hizi na zile. Sijawahi kusikia swali zuri kama lile. Nikamwambia anieleze mbwa anavyofanya, asiongeze wala asipunguze. Akasema: anakimbia, analia mara moja kama kakanyaga kaa la moto, anakunja mguu, anaruka na miguu mitatu hatua nne au tano, halafu anaunyoosha ule mguu nyuma kama mtu anayejinyoosha akiamka, halafu anakimbia kama hakuna kilichotokea. Kesho tena. Kuna siku mara tano, kuna siku hata mara moja hakuna.

Nilimwomba arekodi video. Ikaingia WhatsApp baada ya siku mbili, inatikisika, nusu yake ni kuku. Nikaipeleka kampasi kuu kwa rafiki yangu anayesomea udaktari wa mifugo, yuko mwaka wa nne kati ya mitano. Aliiangalia mara tatu, akairudisha pale mbwa anaponyoosha mguu nyuma. Akasema, "Hapo ndipo pia inarudi mahali pake." Akaongeza kwamba kwa video mtu anakisia tu, mpaka goti lishikwe na mkono wa anayejua.

Sasa nieleze, maana nami ilibidi nieleweshwe.

Kwanza goti lenyewe. Muulize mtu yeyote akuonyeshe goti la mguu wa nyuma wa mbwa. Tisa kati ya kumi watashika ile kona inayochomoza kwa nyuma, katikati ya mguu. Ile siyo goti, ni kifundo cha mguu. Mbwa anatembelea vidole, kwa hiyo kisigino chake kiko juu hewani. Goti lake liko juu zaidi, karibu na tumbo, limefichwa na manyoya, na linakunjika kuelekea mbele kama letu. Nyumbani walikuwa wanakagua kifundo, wanakiona kizima, wanasema mguu hauna kitu.

Mbele ya goti kuna kale kamfupa tunakoita pia ya goti. Wengine huita kilegesambwa, na mimi nikilisikia neno hilo namsikia mbwa ndani yake, basi nikalipenda. Kamfupa hako kamelala ndani ya kano inayotoka kwenye misuli mikubwa ya mbele ya paja na kwenda kushika kwenye muundi. Kazi yake ni kama ya kapi ya kisimani: inafanya misuli ivute mguu na kuunyoosha kwa nguvu ndogo. Mguu ukikunjwa na kunyooshwa, pia inateleza juu na chini katika mfereji ulio mwishoni mwa mfupa wa paja. Mfereji ukiwa na kina na mguu ukiwa umenyooka vizuri, pia haitoki.

Kwa mbwa wengi wa jamii ndogo, wale Chihuahua, Pomeranian, Yorkshire Terrier, pudo wadogo nk, maumbile yana kasoro. Mfereji una kina kidogo, au mifupa ya mguu imepinda kidogo na pale kano inaposhika pamesogea upande wa ndani. Misuli ikivuta, inavuta mshazari, na pia inaruka ukingo wa mfereji na kuhamia upande wa ndani wa mguu. Goti linakwama. Mbwa analia, anakunja. Akiunyoosha mguu nyuma misuli inalegea, pia inadondokea mferejini tena, mchezo umekwisha. Ndiyo maana ule mguu "uliovunjika" ulikuwa unapona ndani ya dakika moja.

Kasoro hii inarithiwa. Mara nyingi mbwa anazaliwa na maumbile hayo, dalili zinakuja akikua, na mara nyingi inagusa miguu yote miwili. Mbwa wakubwa nao wanaweza kuipata, na ajali kama kugongwa na bodaboda inaweza kuitoa pia ya mbwa yeyote. Ila mbwa wetu wa kienyeji, wale wenye miguu mirefu wanaozurura ufukweni, hawajachaguliwa na binadamu ili wawe wadogo wa kubebwa mapajani. Hao wakichechemea mara nyingi utakuta ni mwiba, jeraha, kugongwa au kupigwa. Wazee wangu walitumia akili ya mbwa wa kienyeji kwa mbwa ambaye mababu zake walitengenezwa mbali. Hapo siwalaumu sana.

Madaktari wanaipanga hali hii kwa daraja nne. Ya kwanza, pia inatoka ukiisukuma kwa mkono, ukiachia inarudi yenyewe. Ya pili, inatoka yenyewe mara moja moja na kurudi. Ya tatu, muda mwingi iko nje, ukiirudisha kwa mkono inatoka tena. Ya nne, imehama moja kwa moja, hata kwa mkono hairudi, na mbwa anatembea ameinama magoti yamekunjwa. Kila inapotoka na kurudi inakwangua gegedu, na miaka ikienda kiungo kinaanza kuuma kweli kweli. Mzigo unaongezeka pia kwenye kano za ndani ya goti. Zikikatika, yule mbwa wa kuruka hatua nne anakuwa mbwa wa kutokanyaga kabisa.

Msichanganye na matatizo mengine ya viungo. German Shepherd, aina ambayo wengi tunaijua kama mbwa wa polisi, anajulikana zaidi kwa tatizo la nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye kikombe chake, mbwa anakuwa mzito kuamka na anayumba nyuma. Hilo nalo lina urithi ndani yake. Marekani tangu 1966 kuna taasisi inayohifadhi taarifa za eksirei za nyonga, ili wafugaji wajue nani azae na nani asizae. Na huku kwetu kwenye kupe wengi, mbwa mwenye homa na viungo vimevimba, leo mguu huu kesho ule, apimwe magonjwa ya kupe kabla ya kusema ni goti.

Sasa tatizo likabaki moja: nani atamshika?

Nyumbani sisi ni Waislamu, na Pwani yetu inafuata madhehebu ya Shafii. Mbwa wa ulinzi anaruhusiwa kufugwa, lakini mate na majimaji yake ni najisi. Yakikugusa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Matokeo yake mbwa anaishi nasi miaka na hakuna mkono wa mtu uliowahi kupapasa mguu wake. Kwa umbali ule huwezi kujua pia imehama. Bibi alipoambiwa lazima mbwa ashikwe alikunja uso. Mjomba, ambaye jioni anafundisha watoto Kurani, akasema maneno mafupi: kushika kwa dharura na kuosha hakujawahi kukatazwa, na yule aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu kisimani alisamehewa dhambi zake. Bibi akanyamaza. Udongo upo, maji yapo, sabuni ipo.

Afisa mifugo alikuja Jumamosi. Kwanza aliuliza cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na nawasihi nanyi msimshike mbwa anayeumwa bila kujua hilo, maana mbwa mwenye maumivu anang'ata hata anayempenda. Ukiumwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri. Mikoa ya kusini mashariki, Lindi ikiwemo, ilikuwa na mradi mkubwa wa chanjo ya mbwa kuanzia 2010. Nakumbuka nikiwa mdogo sana foleni za watoto na mbwa waliofungwa kamba za katani. Kichaa cha mbwa tulifundishwa tangu utoto. Goti hakuna aliyetufundisha.

Simba alikuwa na chanjo. Dogo akamshika kichwa, kwa sababu mbwa alikubali mikono yake tu. Afisa akapapasa. Goti la kushoto, pia ikatoka kuelekea ndani na kurudi, ikatoka na kurudi. Dogo ananiambia ilikuwa inasikika chini ya kidole kama punje ya korosho kwenye mfuko. Halafu afisa akahamia mguu wa kulia, ule ambao hakuna aliyeulalamikia. Akasukuma. Nayo ikatoka, akaachia, ikarudi.

Kushoto daraja la pili, kulia la kwanza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Wadau, fikirieni. Jiwe la mtoto haliwezi kulegeza magoti mawili kwa namna moja, yote kuelekea ndani. Afisa wala hakujua kuna kesi ya fimbo, yeye alisema tu, "Huyu kazaliwa hivi." Dogo anasema uani kulikuwa kimya mpaka wakasikia kuku wanachakura.

Nyumbani kwetu wakubwa hawaombi wadogo msamaha, si desturi. Ila usiku ule mama alimpakulia dogo kichwa cha changu, ambacho siku zote ni cha mjomba, na mjomba hakuuliza. Mimi hilo halikunitosha. Nilimpigia mama kesho yake, kwa adabu zote, nikamwambia mtoto angependa kulisikia kwa maneno. Akasema, "Nimekusikia mwanangu." Kama alimwambia au la, hayo ni yao.

Tiba je? Kwa daraja la tatu na la nne, na kwa la pili linalosumbua sana, kuna upasuaji: mfereji unachimbwa uwe na kina, pale kano inaposhika kwenye muundi panakatwa na kusogezwa ili mvuto unyooke, na ngozi ya kiungo inakazwa. Panatakiwa dawa ya usingizi, eksirei na mtu mwenye mkono wa mifupa. Kutoka Lindi mpaka huku Morogoro ni kilomita 450 hivi kufika Dar na nyingine 190 hivi mpaka Moro. Hesabu nauli, hesabu upasuaji, hesabu wiki za kumtunza, na kumbuka korosho ndiyo ada ya mtoto. Hakuna aliyesema kwa sauti, lakini wote tulijua hilo haliwezekani kwa sasa. Rafiki yangu akanituliza: mbwa wengi wa daraja la pili lisilosumbua sana wanaishi vizuri wakitunzwa.

Matunzo yenyewe ni haya. Kwanza uzito. Bibi, huyu huyu aliyetaka kumvusha Kitunda, ndiye aliyekuwa anamwaga wali wa nazi na vipande vya chapati kila jioni. Kila gramu ya mafuta inakaa juu ya goti. Sasa anapimiwa kwa kikombe. Pili, kuruka. Baraza lile refu ndilo adui. Dogo amepigilia ubao wa mteremko na vijiti vya kuzuia kuteleza, na mbwa amejifunza kuutumia kwa siku tatu. Tatu, atembezwe taratibu kila siku, maana misuli ya paja ikiwa imara inasaidia kuishika pia mahali pake. Kuna jirani, fundi wa kuunga mifupa, alikuja na vipande vya mianzi amfunge mguu mwezi mzima. Nia njema, lakini mguu ukifungwa hivyo misuli inasinyaa na goti linakakamaa, unatoka vibaya zaidi ya ulivyoingia. Nne, asizalishwe. Watu walishaanza kuweka oda za watoto wa "mbwa wa kizungu", na mjomba alishaanza kupiga hesabu. Nikamwambia, mjomba, utauza magoti mabovu mtaa mzima, kila nyumba ipate mtoto wa kuchapa.

Na la tano, hili naliandika kwa herufi kubwa: DAWA ZA MAUMIVU ZA BINADAMU USIMPE MBWA. Diklofenaki na ibuprofeni zinapatikana kila duka la dawa, na mtu kwa huruma anaweza kuponda nusu kidonge kwenye chakula. Zinaweza kumtoboa tumbo likavuja damu na kuua figo. Dawa za maumivu za mbwa zipo, anazipanga daktari wa mifugo kwa uzito wake.

Simba bado yupo Rasbura. Bado anaruka na miguu mitatu mara moja moja, hasa asubuhi mbuzi akimshtukiza. Hajapona na hatapona hivi hivi. Dogo ana daftari, anaandika tarehe na mara ngapi mguu umetoka. Sikumtuma. Juzi kanitumia picha ya ukurasa, mistari kwa kalamu ya risasi, na swali jipya: kama kasoro ya goti inarithiwa, mbona mama yake Simba hatumjui na tunasema ni ya kurithi? Nimemjibu kwa sauti ya dakika saba, na bado sidhani ameridhika.

Sisi wa ualimu tuna mada ya mwendo kwenye baiolojia ya sekondari. Mwanafunzi anakariri: kiungo cha bawaba, goti na kiwiko, kiungo cha tufe na kikombe, nyonga na bega. Anapata alama zake anaondoka. Nikienda mazoezi ya kufundisha mwaka huu nitaanza na swali moja tu: goti la mbwa liko wapi? Wakinionyesha kifundo, tunaanzia hapo. Na nitawapa lile swali la mguu unaopona ndani ya dakika moja, bila kusema ni la nani.

Ukimwona mnyama anachechemea leo na kesho mzima, mwangalie kwanza mguu wake kabla hujamtafuta wa kumchapa. Kupapasa goti ni dakika mbili, na kuosha mikono mara saba hakuchukui hata robo saa. Fimbo ikishapigwa hairudi.

Haya wadau, bando linakata na kesho saa mbili nina tesiti ya kemia, sijafungua hata desa. Niombeeni nisipate sapu. Alamsiki.